MEZANI PA KARANI: Mchumba haulizwi sifa zake

Leo naanza na habari ya mbuzi wawili.

Mbuzi hao walikuwa wa jirani yangu, mkulima wa tumbaku na karanga, mtu wa umri wa baba yangu mdogo. Jina lake naliweka akiba. Kijana wake wa tatu alimaliza kidato cha nne, akapata alama za kumtosha kwenda chuo kusomea afya ya mifugo, nayo ni kazi ambayo huku kwetu twaihitaji sana, maana ng'ombe wakiugua twawatibu kwa kubahatisha. Basi jioni moja kijana alishika simu ya dada yake, akaandika maneno manne matano, na kabla mama yake hajamaliza kupepeta mchele, chuo kikawa kimepatikana. Kilikuwa na picha za wanafunzi waliovaa makoti meupe. Kilikuwa na nembo yenye mwenge na kitabu. Kilikuwa na namba ya simu, pamoja na onyo kwamba nafasi zimebaki chache: atakaye na atume shilingi 120,000 kwa simu kabla ya Ijumaa.

Mzee akaja ofisini kwangu Jumatano asubuhi. "Mwalimu," akasema (wengi huniita hivyo kwa ajili ya chuo nilichosomea, ingawa kazi yangu sasa ni madaftari na barua), "hebu nitazamie neno hili. Wewe ndiwe msomi wetu."

Nikaipokea simu, nikausoma ukurasa ule kutoka juu hadi chini. Nikatazama kama Kiingereza chake kina makosa, hakikuwa nayo. Nikaitazama nembo, ilikuwa safi. Nikasoma maelezo yao juu ya historia ya chuo na nidhamu ya wanafunzi, nikapendezwa. Kisha nikamrudishia simu yake, nikamwambia, "Mzee, naona ni chuo cha heshima."

Ndugu wasomaji, chuo hicho hakipo. Mbuzi waliuzwa mnadani Alhamisi, tena kwa bei ya mtu mwenye haraka, na fedha zikatumwa siku ile ile kwa wakala. Tangu Jumatatu iliyofuata namba ile haikupatikana tena. Kijana alipanda basi mpaka mji uliotajwa, akauliza watu, akaonyeshwa ghala la mbao. Mzee hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa niandike haya. Nami najua moyoni kwamba mbuzi mmoja katika wale wawili ni deni langu.

Nilipomwuliza kijana alikipataje chuo kile, alinijibu kwa mshangao: "Mwalimu, kilikuwa cha kwanza kabisa!"

Jibu hilo sijalisahau. Mtoto huyu amesoma miaka kumi na mmoja katika shule ambazo matokeo hubandikwa ukutani, wa kwanza juu na wa mwisho chini. Akiona orodha, hudhani kwamba aliye juu amewashinda walio chini. Hakuna aliyemwambia kwamba orodha ya simu hupangwa na mtambo kwa hesabu zake wenyewe, na kwamba mistari ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo, yaani mtu amelipa fedha ili akae pale. Neno la kueleza kwamba hili ni tangazo huwapo, lakini ni dogo kama utitiri wa kuku.

Wala msidhani ni ujinga wa kijijini. Mwaka 2007 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, huko Marekani. Walipewa maswali ya kutafuta kwa mtambo wa Google, na kikawekwa chombo cha kufuata macho yao yanatua wapi. Kwa siri, baadhi yao waligeuziwa orodha: majibu ya mwisho yakapandishwa juu, na yale ya kwanza yakashushwa chini. Wanafunzi wakaendelea kupendelea ya juu, hata pale maneno yaliyoandikwa chini yake yalipoonyesha kwamba hayakuhusiana sana na swali. Hao walikuwa wasomi wa chuo kikuu chenye sifa, si mtoto wa mkulima wa tumbaku.

Nadhani kuna jina moja lililotudhuru katika jambo hili. Mwaka 2001 Mmarekani aitwaye Marc Prensky, mwandishi wa mambo ya elimu, alitoa makala akawaita watoto waliozaliwa penye vyombo hivi "wenyeji", na sisi tuliovikuta ukubwani akatuita "wahamiaji". Jina likapendwa duniani kote. Basi mhamiaji ana desturi ya kumpisha mwenyeji. Baba akimwona mwanawe anavyopapasa kioo cha simu, vidole vikienda mbio kuliko macho, hujiambia: huyu anajua, mimi sijui. Naye hunyamaza. Akitaka bei ya mahindi, humwuliza mtoto. Akitaka dawa ya kuku, humwuliza mtoto. Na mtoto naye, kwa kuwa anaulizwa, huamini kwamba anajua.

Lakini hebu tutazame pori letu. Mvua za kwanza zikinyesha, nani hurudi na kapu la uyoga kabla jua halijapanda? Watoto. Wao ndio wenye miguu na macho. Hata hivyo mama ndiye alimwagaye kapu chini na kuchambua mmoja mmoja, maana kuuona uyoga ni jambo moja, na kuujua wenye sumu ni jambo jingine, ambalo hakuna aliyezaliwa nalo. Mama alifundishwa na mama yake. Mbona kapu la uyoga twalimwaga, na kapu la simu twalila lilivyo?

Wako watu waliolipima jambo hili kwa subira. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California, Profesa Sam Wineburg na wenzake walitangaza mwaka 2016 matokeo yaliyotokana na majibu 7,804 ya wanafunzi wa majimbo 12. Wale wadogo, wa umri wa watoto wetu wanaomaliza darasa la saba, walionyeshwa ukurasa wa mbele wa gazeti la kwenye intaneti, wenye habari na matangazo pamoja. Zaidi ya 80 katika kila 100 walilichukua tangazo la kulipiwa kuwa ni habari ya kweli, ijapokuwa lilikuwa limeandikwa wazi kwamba limedhaminiwa. Utitiri wa kuku, ndugu zangu.

Kisha wakawapima wakubwa zaidi, wanafunzi 3,446 wa sekondari, kati ya Juni 2018 na Mei 2019. Wakawaonyesha video ya watu wanaotumbukiza karatasi za kura kwa wizi, pamoja na maneno ya kusema kwamba hayo yametendeka Marekani. Wanafunzi walikuwa na intaneti mbele yao, na ruhusa ya kutafuta lolote walitakalo. Video yenyewe ilikuwa imepigwa Urusi. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wakasema ni ushahidi wa nguvu. Waliogundua ilikotoka walikuwa watatu. Sisemi watatu katika kila mia, bali watatu katika wote 3,446.

Na hao ndio wenyeji.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae nikaandika. Mwaka 2017 Wineburg huyo huyo pamoja na Sarah McGrew walieleza jinsi walivyowakalisha mbele ya kompyuta watu 45: wanafunzi 25 wa chuo chao, wanahistoria 10 wenye shahada za udaktari, na watu 10 ambao kazi yao ni kuhakiki habari kabla au baada ya kuandikwa magazetini. Kila mmoja alionyeshwa kurasa mbili, zote zikizungumzia watoto wanaoonewa na wenzao shuleni. Ukurasa mmoja ulikuwa wa chama kikuu cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1930, chenye wanachama zaidi ya 60,000. Wa pili ulikuwa wa kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002, wanachama wake wakihesabiwa kwa mamia tu, ila jina lake linafanana na la kile kikubwa, na ukurasa wake ni nadhifu kweli kweli.

Wahakiki wote kumi walitambua upesi kipi ni kipi. Wanafunzi wengi walishindwa, na wanahistoria kadhaa, watu waliozeeka wakisoma vitabu, waliyumba vile vile. Kwa nini? Wanafunzi na wanahistoria walifanya kama nilivyofanya mimi na simu ya mzee. Waliusoma ukurasa kutoka juu hadi chini. Walitazama nembo, lugha, mpango wa maneno, na orodha ya marejeo. Wahakiki hawakufanya hivyo. Walipofika penye ukurasa wasioujua, waliuacha karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine pembeni, wakauliza: hawa ni nani, na wengine wanasemaje juu yao? Wakiisha kupata jibu, ndipo waliporudi kusoma.

Niliposoma hayo, nilifunga kitabu changu cha hesabu nikacheka peke yangu, kwa uchungu kidogo. Maana kazi hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku hapa mezani, na sikuikumbuka siku ile ya Jumatano.

Kijana akija kuandikisha ndoa, na akawa amebatizwa parokia nyingine, je, nampokea kwa uso wake mwema? Hata akileta cheti cha ubatizo alichokitunza sandukuni tangu utoto, hicho hakitoshi. Huagizwa cheti kipya kutoka parokia ile alikobatizwa, kwa kuwa pembeni mwa daftari la ubatizo huandikwa pia kama mtu huyo alikwisha funga ndoa. Cheti cha zamani kitasema kweli juu ya ubatizo, kisiseme neno juu ya mke aliyeachwa Kahama. Tena jina lake hutangazwa Dominika tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Sisi hatumwulizi bwana arusi kama ni mtu mwema. Twawauliza wanaomjua.

Nanyi wazazi mlifanya hivyo hivyo kabla ya karani yeyote. Binti akiposwa, mshenga husema maneno matamu, na baba wa binti husikiliza kwa adabu. Kisha, wageni wakiisha kuondoka, hutumwa shangazi au mjomba kwenda kule kwao mposaji, kana kwamba anatafuta mbegu za alizeti, na kumbe anauliza: ukoo huu ukoje? Wana ugonjwa gani? Madeni je? Mposaji mwenyewe haulizwi, maana atajibu nini ila sifa? Nasi tulikiuliza chuo kile kwa chuo chenyewe, na chuo kikajisifu.

Ndiyo maana nasema mzazi asiyejua hata kuwasha simu ana neno la kumfundisha mwanawe mwenyeji. Mtoto ana miguu. Mzazi ana swali. Akikuletea habari, usiseme "sijui mambo yenu ya simu". Mwulize: mwenye kusema haya ni nani? Umeyasikia kwake tu, au na kwa mwingine asiye ndugu yake? Anauza nini? Kijana hatapenda siku ya kwanza. Mwache akasirike, kisha arudi kutafuta, na simu ile ile itampa jibu, kwa kuwa chombo chenyewe si adui. Kijana huyo huyo ndiye aliyetusomea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya msimu, tukajua tuanze kulima lini. Na mwanangu wa kwanza husoma vitabu vya kiada katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu ambavyo shuleni kwao kimoja hushikwa na watoto watano.

Kwa habari ya vyuo, hili lingetuchukua dakika kumi. Vyuo vya kati vya ufundi hupaswa kusajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, wenyewe huliita NACTVET, na vyuo vikuu huwa chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Baraza hutoa kitabu cha mwongozo chenye majina ya vyuo na masomo yake. Chuo kikitajwa nyumbani kwako, jina lake litafutwe humo kwanza. Na ukitaka kukipigia simu, usitumie namba waliyokuletea wao wenyewe. Tafuta namba kwingine, ama mwulize mtu aliyesoma hapo. Ukurasa wa uongo una simu yake ya uongo, na mtu wa kuipokea kwa sauti ya upole.

Jambo hili linazidi kuwa gumu, nisiwafiche. Vijana wengi siku hizi hata orodha hawaioni. Mwezi Julai 2022 mkubwa mmoja wa Google, Prabhakar Raghavan, alisema mbele ya watu kwamba, kwa uchunguzi wao, karibu 40 katika kila vijana 100 wakitafuta mahali pa kula chakula cha mchana huenda TikTok au Instagram, wala hawatumii Google. Huko mtu hutazama video fupi ya mtu anayesema kwa uhakika, kisha nyingine, na nyingine, wala hakuna pa kuona ni nani aliyempa habari hizo. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotolewa programu ya ChatGPT, zimeenea programu zinazojibu swali kwa sentensi zilizonyooka, hata kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Zimenisaidia mara kadhaa kupanga barua. Lakini siku moja nilizitaka zinitajie vitabu juu ya ufugaji wa nyuki, zikanitajia vitano, na viwili kati yake sikuviona mahali popote nilipotafuta. Zilivitaja kwa sauti ile ile moja, bila kusitasita. Huyu naye ni mposaji, tena mwenye kauli nzuri kuliko wote, na hana kijiji cha kumtuma shangazi. Itabidi shangazi aende kwingine.

Kabla wazee hawajaanza kutikisa vichwa juu ya vijana, niseme na hili. Mwaka 2019 wachunguzi watatu wa Marekani walitangaza kwamba, wakati wa uchaguzi wa mwaka 2016, watu waliopita miaka 65 waliwasambazia wenzao katika Facebook habari za uongo karibu mara saba kuliko kundi la vijana wadogo kabisa waliochunguzwa. Nami najua ni nani katika jumuiya yetu aliyetuma mara tatu ile sauti ya kusema kwamba maji ya chumvi yanaponya kila homa. Hakuwa kijana. Mjukuu wa mama mmoja alinyweshwa maji hayo siku mbili kabla hajapelekwa zahanati, akakutwa na malaria. Amepona, ila alirudi amekonda kama kijiti.

Kijana wa jirani yangu yuko nyumbani, anamsaidia baba yake kukausha tumbaku. Kwa muda alikuwa hashiki simu kabisa, kwa aibu, nami nikaogopa kwamba tumempoteza kwa upande mwingine. Lakini juzi jioni alikuja na karatasi ya daftari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Alikuwa ameandika vyuo vitatu. Mbele ya kila kimoja aliandika namba mbili: moja ya ukurasa wa chuo, na nyingine aliyoipata pengine. Penye chuo cha tatu namba hazikulingana, naye amekipigia mstari mwekundu. Penye kile cha kwanza ameandika jina la binti wa kijiji cha pili aliyesoma huko, na kwamba amekwisha kwenda kwa baiskeli kumwuliza. Binti alimwambia chakula ni kibaya lakini walimu wanafundisha. Sifa ya namna hiyo hakuna chuo kingejiandikia.

Baba yake ameniuliza kama beberu aliyebaki auzwe sasa, au angojee. Nimemwomba angoje mpaka Jumatatu. Siku hiyo tutapiga simu sote watatu hapa mezani, na yeye ndiye atakayeuliza maswali.